Shule zetu zijifunze kwa wanamuziki kabla ya kuwafungia lango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana katika mikutano ya wazazi wa shule zetu huku Kusini, hasa inapokaribia miezi ya Septemba na Oktoba ambapo shule nyingi hufanya mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Jambo hilo ni muziki. Katika mkutano mmoja nilioshiriki hapa wilayani Masasi, nikiwa mzazi na pia mwalimu wa Kiswahili wa miaka mingi, wajumbe karibu wote walikubaliana kwamba nyimbo za Bongo Fleva na za singeli, ule muziki wa mitaani wenye mdundo wa kasi, zisisikike tena ndani ya uzio wa shule, iwe siku ya mahafali, siku ya michezo au katika klabu za wanafunzi, na kwamba kwaya pekee ndiyo itakayoruhusiwa.

Nilieleza pale pale kwamba sikubaliani na azimio hilo, lakini ajenda zilikuwa nyingi na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo naomba nilieleze wazo langu hapa kwa ukamilifu. Sidai kwamba kila wimbo unaopigwa kwenye bodaboda na vibanda vya kuchaji simu unafaa kuingia shuleni. Ninachosema ni kwamba muziki wanaoupenda watoto wetu ni kazi: unatungwa, unafanyiwa mazoezi, unasahihishwa, kisha unapelekwa mbele ya watu wenye hiari ya kuukataa. Namna kazi hiyo inavyofanyika ina mafunzo kwa mwalimu, kwa mwanafunzi, kwa mzazi na kwa kamati ya shule, na mafunzo hayo hatutayapata iwapo kila tunaposikia wimbo tunachukua maneno mawili ya kiitikio na kuyatolea hukumu. Mkutano wetu ulizungumzia matusi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeuliza kwa nini kijana asiyeweza kukaa na daftari kwa dakika kumi anaweza kukaa na kipande cha karatasi usiku kucha akitafuta kina cha mstari wa mwisho.

Hofu ya wazazi wenzangu naielewa na ninaiheshimu. Zipo nyimbo zinazomchukulia msichana kama bidhaa ya mwenye fedha, zipo zinazosifu ulevi, na zipo zinazopigwa kwenye ngoma za usiku ambako mtoto wa shule hana shughuli yoyote. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi imehangaika na utoro na mimba za wanafunzi kwa muda mrefu, na msimu wa korosho unapofika, fedha zikazunguka vijijini na sherehe zikaongezeka, kila mwalimu anajua jinsi madawati yanavyobaki wazi. Mzazi anayetaka shule iwe mahali tofauti na kelele hizo anataka jambo la haki. Nitarudi kwenye nyimbo za aina hiyo baadaye, kwa sababu naamini kuzifungia nje hakumkingi mtoto ambaye atakutana nazo dakika tano baada ya kengele ya kutoka.

Kwanza tukumbuke tunakotoka. Sindimba ni ngoma ya Wamakonde, na hakuna mtu wa Newala au Tandahimba anayehitaji kuelezwa inavyochezwa. Viuno vyake viliwahi kuwashtua watu wa kutoka kwingine, na maneno yaliyosemwa juu yake yanafanana sana na yale ninayoyasikia leo kuhusu singeli. Hata hivyo, mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika hotuba yake ya Desemba mwaka huo akahoji kwa nini wasomi wetu walijua kucheza rumba na waltz lakini ngoma za makwao hawakuzijua. Katika miaka iliyofuata sindimba ilipanda jukwaa la taifa na ikachezwa na wanafunzi katika shule za mikoa ya mbali, ambako wengi wao hawajawahi kuuona mto Ruvuma. Ngoma iliyokuwa ikitazamwa kwa jicho la aibu ikawa ndiyo inayoutambulisha mkoa wetu mbele ya taifa.

Sikumbushi historia hii ili niseme kwamba singeli ni sindimba. Wala sisemi kwamba kila kitu kilikwenda vizuri, maana wapo wazee ambao hadi leo hulalamika kwamba kinachochezwa kwenye majukwaa si ngoma waliyoikuta kwa babu zao. Ninachokiona cha maana ni kazi ambayo walimu wa wakati ule walilazimika kuifanya. Ili kuipeleka ngoma ya jando na unyago kwenye kiwanja cha shule, ilibidi mtu akae, aitazame kwa makini, ajue kila ngoma kati ya zile za ukubwa mbalimbali inabeba kazi gani, ajue wachezaji wanapokezana vipi, kisha aamue ni mitindo gani inafaa umri wa mtoto wa darasa la tano na ipi iachwe kwa watu wazima. Huo ndio uamuzi wa kielimu. Azimio letu halikupitia hatua hata moja ya hizo, kwa kuwa hakuna wimbo hata mmoja uliosikilizwa kabla ya mikono kunyooshwa.

Shule za Tanzania zimewahi pia kujifunza moja kwa moja kutoka kwa mwanamuziki wa watu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu wa hali ya chini, na hakupata elimu ya kusoma na kuandika. Aliimba taarab kwa Kiswahili, akayaingiza katika nyimbo mambo ya mitaani, ya mahakamani na ya wanawake walioonewa, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert, ambaye hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyemjua, aliona maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kuandikwa, akaandika wasifu wake, na kitabu hicho kikasomwa na wanafunzi wa vizazi kadhaa. Hakuandika kitabu hicho kwa sababu kila neno aliloimba Siti lilikuwa la kufundishia maadili. Alimwandika kwa sababu ya bidii yake, ujasiri wake na heshima aliyoijenga kwa kipaji. Nadhani mwalimu wa leo anaweza kuwatazama wanamuziki wa leo kwa jicho hilo hilo, akichagua cha kufundisha na kuacha asichokihitaji.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo somo lilipo. Wengi wa rika langu tulikulia katika muziki wa dansi. Tuliisikia NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na ambayo baadaye ilibadili majina ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Tuliisikia Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde. Watu wa Lindi walijivunia Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ambayo ilipiga muziki wake Dar es Salaam lakini ikabeba jina la Kilwa. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba katika bendi hizo kwa takriban nusu karne. Tulicheza, tukaimba, tukaenda nyumbani, na ni wachache waliojiuliza wimbo wa dakika nane ulifikaje hapo.

Wimbo wa bendi haukuzaliwa umekamilika. Mtunzi alifika mazoezini na maneno na tuni kichwani au kwenye karatasi. Mpiga solo alitafuta sauti za kuanzia, mpiga besi akaona pa kukaa, mwimbaji mwenzake akaomba neno fulani libadilishwe kwa sababu halikai vizuri mdomoni, na mpiga tumba akasema mwendo ni wa haraka mno kwa wachezaji. Walirudia, wakakosea, wakarudia tena. Kisha wimbo ukapigwa ukumbini mbele ya watu, na kama watu hawakuinuka kwenye viti, bendi ilijua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Katika miaka ambayo bendi nyingi zilitegemea studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi, wimbo ulifika pale ukiwa umeshasahihishwa na watu wengi, wakiwemo wale ambao hawakujua kwamba wanausahihisha. Na vijana wa Bongo Fleva, ingawa wengi hawana bendi, hufanya vivyo hivyo na mtayarishaji wao chumbani: mstari unaandikwa, unajaribiwa juu ya mdundo, unakatwa, unaandikwa upya.

Linganisheni na insha ya Kiswahili katika shule zetu. Mwanafunzi anapewa kichwa cha habari, anaandika mara moja, anakusanya daftari, mwalimu mwenye madaftari themanini mezani anapita na wino mwekundu, na baada ya wiki mbili daftari linarudi na alama tisa kati ya ishirini. Mwanafunzi anatazama alama, anafunga daftari, na insha ile haiguswi tena. Tunamfundisha kwamba kuandika ni kuhukumiwa. Hajawahi kuambiwa kwamba aya ya pili iko vizuri ila ya kwanza ifutwe, wala hajawahi kuusoma mwanzo wa insha yake mbele ya wenzake akaona ni wapi wanachoka kumsikiliza. Najua wingi wa wanafunzi na uchache wa walimu, kwa sababu ndiyo maisha yangu. Lakini bendi haikuhitaji mwalimu mmoja awasahihishe wote. Walisikilizana wao kwa wao. Katika madarasa yangu nimekuwa nikiwagawa wanafunzi katika makundi ya watano, kila mmoja anasoma insha yake kwa sauti, wenzake wanamwambia mahali ambapo hawakuelewa, kisha anaandika upya kabla ya mimi kuiona. Madaftari yanayonifikia sasa yana makosa machache, na la muhimu zaidi, mwandishi wake anaweza kunieleza kwa nini aliacha sentensi fulani na kuweka nyingine. Njia hiyo sikuipata katika semina yoyote; niliipata kwa kuwatazama vijana wa kidato cha pili wakitunga mistari ya kuchana, yaani ya kurap, nyuma ya bweni, ambako mmoja alikuwa akighani na wengine wakimkatisha bila huruma kila kina kilipolegea.

Kuna nafasi nyingine katika bendi ambayo shule ingefaa kuitafakari, nayo ni ya mpiga gitaa la rizimu. Hasikiki sana. Hapigiwi makofi. Anarudia kipande kimoja kwa dakika nane, na akikiacha, wimbo wote unayumba. Katika siku za tuzo shuleni tunawapa zawadi wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa masomo, na ni vema tufanye hivyo, lakini wapo wanafunzi wanaoshika ufunguo wa maktaba mwaka mzima, wanaoandika majina ya wasiofika, wanaomsaidia mwenzao asiyeona vizuri ubaoni, na hakuna anayewataja. Kwa walimu ni hivyo hivyo.

Nije sasa kwa wazazi na kamati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Haule, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Profesa Jay na ambaye baadaye mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, alitoa wimbo uitwao Ndio Mzee. Ndani yake mgombea anasimama mbele ya wananchi na kumwaga ahadi moja baada ya nyingine, nyingine za ajabu kabisa, na kila akisema, umati unaitikia jibu lile lile lililo katika jina la wimbo. Tulicheka sana wakati ule kwa sababu tulidhani wimbo unamsema mwanasiasa. Nikiusikiliza leo naona umati ndio unaosemwa zaidi. Ahadi zile zisingekuwa na nguvu yoyote kama mtu mmoja angeinua mkono na kuuliza zitatekelezwa vipi.

Mikutano yetu ya wazazi inafanana na umati huo kuliko tunavyopenda kukiri. Mkuu wa shule anasoma taarifa, mwenyekiti anauliza kama tumekubaliana, sisi tunajibu kwamba tumekubaliana, tunatawanyika, na kesho yake ndipo maswali yanapoanza, sokoni na kwenye magenge ya kahawa: uji wa shule utachangiwa kwa mahindi au kwa fedha, mlinzi analipwa kutoka wapi, darasa lililoezuliwa na upepo litaezekwa lini. Mzazi asiyejua kusoma huona haya kuuliza, mama aliyekuja na mtoto mgongoni hukaa nyuma karibu na mlango, na mwalimu kijana huogopa kumpinga mkubwa wake. Hata azimio la kupiga marufuku muziki lilipita kwa njia hiyo hiyo. Ningependa shule moja tu ithubutu kuanza mkutano wa wazazi kwa kuupiga wimbo huo, dakika nne tu, halafu mwenyekiti aseme kwamba leo kila ajenda itapokea angalau swali moja kabla ya kupitishwa. Nina hakika mkutano ungekwenda tofauti.

Katika ngoma zetu mambo hayako hivyo. Kiongozi anaanzisha, watu wanapokea, lakini wanaopokea wana mamlaka: wakichelewa kupokea, kiongozi anajua kwamba amepandisha sauti mno au ametaja jambo ambalo watu hawalitaki, naye hubadilika. Wasanii wa Tanga, Wagosi wa Kaya, walipoimba kuhusu wauguzi, waliitazama hospitali kwa macho ya mgonjwa aliyekaa foleni, na nchi nzima ikasikia. Wanafunzi wetu nao wanayo macho ya kuitazama shule kutoka kwenye dawati. Sijui shule nyingi zinazowaalika kusema wanachokiona, hata kwa njia ya wimbo au ngonjera, na mara nyingine mwanafunzi akitunga shairi la kulalamikia vyoo, huambiwa aandike la kuwasifu walimu.

Kuhusu kumbukumbu sitasema mengi, kwa kuwa kila mwalimu amekwisha kuona. Mtoto anayeshindwa kutaja sehemu nne za ua anaweza kuimba wimbo mzima bila kukosea neno, kwa sababu mapigo, marudio na sauti za wenzake humshika mkono. Nyimbo za mchakamchaka tulizokimbia nazo asubuhi tunazikumbuka hadi leo. Walimu wa madarasa ya chini hutumia nyimbo kufundishia herufi na tarakimu, lakini mtoto akifika darasa la nne nyimbo hukatika ghafla kana kwamba amezeeka. Tahadhari ipo: kukariri si kuelewa, na mtoto anaweza kuimba jedwali la kuzidisha bila kujua saba mara nane ni mafungu gani. Wimbo ufungue somo na mwalimu aliendeleze.

Suala la lugha lina uzito zaidi. Vijana wa kwanza waliochana mistari nchini wengi wao waliiga Kiingereza cha Wamarekani. Katika miaka ya 1990 akina Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na kisha Sugu, walishika Kiswahili na kuonyesha kwamba mtindo ule unaweza kubeba maisha ya hapa, na hapo ndipo watu wa vijijini walipoanza kuwasikiliza. Walichagua lugha ambayo msikilizaji wao anaifikiria. Katika shule zetu za sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyetoka Nanyumbu au Liwale akiwa hodari anageuka bubu katika kipindi cha Biolojia. Siombi mwalimu mmoja mmoja abadili sera. Naomba mwalimu awape wanafunzi dakika chache waijadili mada kwa Kiswahili, waielewe, waibishanie, kisha waihamishe kwenye Kiingereza cha mtihani. Anayetunga beti sita jioni si mtu asiyekuwa na mawazo asubuhi.

Niliahidi kurudi kwenye nyimbo zinazotutia hofu. Kwa watoto wa shule ya msingi sina mjadala: wimbo wenye maneno ya faragha hauna nafasi hapo, na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, pamoja na vituo vya redio vina wajibu wao. Lakini msichana wa kidato cha tatu tayari anazijua nyimbo hizo kwa moyo, na mvulana anayekaa dawati la nyuma yake anaamini baadhi ya yanayosemwa. Darasani wana mtu mzima wa kuwauliza maswali ambayo simu haitawauliza. Nani anazungumza katika wimbo huu? Anayezungumziwa amepewa nafasi ya kujibu? Huyo mwanamume anayejisifu kwa fedha amezipata wapi? Mwanamke aliyeachwa na mimba anakwenda wapi wimbo unapokwisha? Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurejea shuleni, wapo mabinti waliorudi katika madarasa yetu, nao husikia nyimbo hizo wakiwa wamekaa na wenzao wanaowanong'ona. Mwalimu anayeruka mada hiyo kwa sababu wimbo ni mchafu anawaacha mabinti hao peke yao na wimbo wenyewe. Tashbiha, sitiari na kejeli tunazozifundisha kwa mifano ya vitabuni zimejaa humo, na mwanafunzi anayeweza kuonyesha jinsi sitiari tamu inavyoficha dharau amejifunza fasihi, na amepata pia ngao.

Lipo pia suala la jina la mtunzi, ambalo nalipitia kwa ufupi. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa wimbo, lakini shuleni tunaimba, tunanakili na kubandika kazi za watu bila kumtaja aliyezifanya, na shairi la mwanafunzi likipendeza husomwa kwenye sherehe kama shairi la shule. Aandikwe jina lake.

Najua jibu litakalofuata: hatuna vifaa, hatuna fedha, hatuna mwalimu wa muziki. Singeli ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ikakua mikononi mwa vijana wenye kompyuta moja katika chumba kimoja, na kabla yake mchiriku ulipigwa kwa vinanda vya bei ndogo na spika za kuungaunga. Rajab Abdul, anayejulikana kama Harmonize, ni mzaliwa wa mkoa wetu huu, na vijana wa Mtwara wanapomtaja wanataja magari na nyumba. Ni vizuri wakaelezwa pia kwamba nyuma ya kila wimbo wake kuna mtayarishaji, wapiga ala, wacheza shoo, wapiga picha, meneja na mhasibu, na kwamba kila mmoja wao alijifunza kazi mahali fulani. Ngoma tunazo. Wazee wanaojua kuzichonga na kuzikaza kwa moto wapo vijijini, na sijawahi kusikia mzee aliyekataa mwaliko wa shule. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa na michezo nafasi katika shule ya msingi, lakini ratiba ikibanwa kipindi hicho ndicho cha kwanza kugeuzwa kuwa cha hisabati. Na tunapojiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya michezo na sanaa ya shule za msingi na za sekondari ambayo Mtwara imewahi kuyapokea, tunaitafuta ngoma wiki mbili kabla, tunamtafuta mtoto mwenye sauti, tunamfanyisha mazoezi hadi usiku, kisha tunamsahau hadi mwaka unaofuata.

Ninaomba basi mambo machache kwa shule yetu na kwa nyingine za huku. Alasiri moja kwa wiki ibaki kwa klabu ya muziki na utunzi, ikiwa na mwalimu mlezi, na nyimbo zitakazopigwa humo zichaguliwe na walimu pamoja na wanafunzi baada ya kusikilizwa tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya mahafali wahitimu waimbe angalau wimbo mmoja walioutunga wenyewe, kwa mtindo wanaoutaka wao, kwaya ikiwa mojawapo. Walimu wa Kiswahili tupeane uzoefu wa kuandika upya. Nawe, Mhariri, ukiweza kutenga safu ndogo kwa mashairi na mistari ya wanafunzi wa mikoa ya Kusini, majina yao yakiwa chini yake, utakuwa umewapa wasomaji ambao shule haiwezi kuwapa.

Kamati ya shule itakutana tena kabla ya mahafali. Nitaomba azimio lile lifunguliwe upya, na nitaomba wanafunzi wawili, mvulana na msichana, waruhusiwe kuingia mkutanoni na wimbo mmoja waliouchagua, wauchezeshe kwa spika ya shule, kisha wawaeleze wajumbe nani aliutunga, unasema nini, ni mstari upi wasioukubali na kwa nini. Wajumbe waulize maswali yao yote, na baada ya hapo ndipo mikono inyooshwe.

Wako katika kulea watoto,

Mwalimu wa Kiswahili,
Masasi, Mtwara.